Mtu wa Karatasi Hakuwa na Tumbo la Uzazi

Ulikuwa mwaka tuliokula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, kwa sababu ndege walimaliza ulezi shambani. Miaka ya hamsini, katikati hapo. Kalenda sikuwa nayo. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na mtoto amelala kama gogo lililokingama kwenye lango la zizi.

Mama mkwe alinipeleka zahanati, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kijijini kwetu Genkuru. Dresa wa pale, yaani tabibu msaidizi, alikuwa anafundisha vijana wanne kazi yake. Ukutani ametundika picha ya mtu aliyechunwa ngozi, maini na utumbo wazi. Akanipapasa tumbo, akasema nipelekwe Musoma kwa lori, nikapasuliwe. Nikaanza kulia.

Mama mkwe akaisogelea ile picha. "Huyu mtu wako wa karatasi anazalia wapi?"

"Ni mwanaume, mama."

"Na wa kike yuko wapi?"

"Hatukuletewa. Hata mimi nilisomea huyu huyu."

"Basi kaa pembeni, mwanangu. Mimi nilisomea ng'ombe."

Hakutania. Tangu akiwa msichana alikuwa ananyoosha ndama waliokaa vibaya tumboni, na baadaye watoto wa wanawake wa boma letu. Alinipaka samli, akasukuma kichwa huku, matako kule, bila haraka. Iliuma, nisiseme uongo. Ghafla mtoto akateleza, tumbo likawa refu. Dresa akapapasa tena, akacheka peke yake: kichwa kiko chini. Nikawa mwepesi kama niliyetua mtungi kichwani.

Mjukuu wangu ni mwalimu wa wauguzi, naringa, ndiyo. Ananiambia hata leo wapo wanaochunguza kwa nini picha za kufundishia mwili ni za wanaume zaidi. Wangeniuliza mimi mapema.

Lakini dresa alikuwa hajamaliza. "Mama, tumrudishe mtoto alivyokuwa, kila kijana ajaribu kumgeuza."

Nikakaa kitako. "Mtoto wangu si daftari. Hakuna mkono mwingine."

Mama mkwe akamwuliza ametoa ng'ombe wangapi wa mahari kwa ajili yangu. Vijana wakacheka. Dresa hakucheka. "Dada, akija mwingine kama wewe, na mama huyu hayupo, nani atamsaidia?"

Swali lilikuwa la kweli. Bado linanichoma kidogo. Mama mkwe akamwambia awalete vijana zizini, ng'ombe hawaachi kuzaa. Mimi nikafunga kanga yangu.

"Mmoja tu," akabembeleza.

"Mtoto wangu si daftari. Hakuna mkono mwingine."