Naitwa Mutashobya, maana yake "Msikosee". Kipimo cha asili kimemtoa baba yangu kwenye ukoo

Wakuu, salaam.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Majina ya ndugu nimeyabadilisha. La kwangu nimeliacha, kwa sababu bila hilo jina hakuna stori. Anayetaka kucheka acheke, mimi nimechoka hata kukasirika.

Naishi Bukoba mjini, Miembeni, nauza vipuri vya pikipiki. Kwetu hasa ni Rubafu.

Niwaeleze kwanza jambo moja ili tuende pamoja. Wahaya wa zamani hawakuwa na jina la familia. Kila mtoto alipewa jina lake, na jina lilibeba habari za siku zile: njaa, vita, ugomvi wa jirani. Ndiyo maana baba yangu anaitwa Mutashobya na mdogo wake, ambaye ni marehemu, alikuwa na jina jingine kabisa. Sisi watoto tulipoanza shule tukaandikishwa majina ya baba zetu, yakaganda.

Mutashobya ni Kihaya cha kawaida tu. Msikosee.

Sasa babu alikuwa anawaambia akina nani wasikosee? Baba alikuwa na jibu lake. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mlutheri wa kiti cha mbele, mtu anayevaa shati la kola hata akienda kukata mkungu. Alitufundisha kwamba babu aliona mbali, alijua mtoto huyu atakuwa msomi. Nikikosa hesabu, ananiita kwa jina lote, taratibu, halafu ananirudishia daftari.

Mnatuitaga nshomile, wasomi wenye maringo. Haya, huyo ndiye mwenyewe.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja tu, asili. Ukoo wetu umetoka Bunyoro, kule Uganda, alisema, na ukifika kwake mgeni, chai haijapoa umeshavushwa mto Kagera kwa maneno. Mwiko wa ukoo wetu ni kamongo. Hatumli yule samaki, hatumgusi, hata sufuria iliyompika hatuitumii. Mzee aliwahi kuacha chakula cha harusi na kurudi nyumbani na njaa kwa sababu alisikia harufu tu.

Tuje kwenye mada.

Krismasi moja binamu yangu Jeni, mtoto wa yule baba mdogo marehemu, alikuja likizo kutoka ughaibuni. Alikuja na vichupa vya kupima asili. Unatema mate, unafunga, anaondoka navyo, baadaye majibu yanakuja kwenye simu yake.

Mzee alifurahi kama mtoto aliyeona senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wameanza kutua. Alitema wa kwanza. Kisha akamgeukia Erasto, kaka yake Jeni.

"Na wewe tema. Wewe mtoto wa mdogo wangu, mstari wetu wa kiume ni mmoja. Vikifanana, mjadala wa Bunyoro tumeufunga."

Erasto hakutaka. Alikuwa anawahi gari. Mzee akamshika mkono, akamsimamia mpaka kichupa kikajaa.

Wakuu, nikikumbuka pale roho inaniuma sana. Mtu alijipiga shoka mguuni mwenyewe, na alikuwa anatabasamu.

Kwa wasio wa huku, kibanja si shamba tu. Nyumba ipo katikati, migomba na kahawa zimeizunguka, na pembeni ni makaburi. Cha kwetu ni cha ukoo, mzee alikirithi kama mtoto wa kiume mkubwa. Mama yangu amelala pale. Kulia kwake kuna nafasi ambayo mzee hapandi kitu. Anaipalilia, basi. Ukimuuliza anasema, "Hapo ni pangu."

Majibu yalipokuja, Jeni alimpigia kaka yake kwanza, analia. Mstari wa kiume wa mzee na wa Erasto haukutani popote. Mzee na marehemu mdogo wake walikuwa wa mama mmoja, baba mbalimbali. Nani kati yao si wa babu, kipimo hakikusema.

Na ndiyo, kabla hamjauliza, Jeni alilipia kipimo kirudiwe. Hakikubadilika kitu.

Erasto hakumwambia mzee. Alibandika majibu kwenye grupu la ukoo, na maneno mawili chini yake: "Sayansi imesema."

Nilipanda kwenda Rubafu kumwambia mimi. Nilimkuta anachambua kahawa. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua, akasimama, akakaa tena. Kisha akasema, "Kamwite Ma Koku."

Ma Koku ni dada wa mwisho wa babu. Kizazi kile amebaki yeye peke yake. Alikuja na fimbo yake, akaketi chini kwenye nyasi tunazotandika sebuleni, akatushangaa.

"Mbona mnahangaika na kitu kilichokwisha zamani?"

Akatueleza. Babu alipooa tu, alikwenda Uganda kutafuta kazi, akakaa huko. Bibi akapata mimba ya mchuuzi wa kahawa kutoka Muleba. Babu aliporudi hakumpiga mtu wala hakumfukuza mke. Kwa mila ya zamani ya Wahaya, mwanamume aliyelala na mwanamke kwanza, mtoto anayefuata ni wake, hata kama damu ni ya mwingine. Mtoto huyo anaitwa wa bisisi. Si wa kambo, si wa kuokota. Ni wako, anakurithi, anakuzika.

Wazee wa pande zote mbili wakaketi. Wa Muleba wakakubali. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, maneno yakaisha.

"Halafu kaka yangu akambeba mtoto," Ma Koku akasema, "akatoka naye nje mbele ya wote. Akawaambia, huyu ni Mutashobya. Mtu asije akakosea juu ya mtoto huyu. Ndivyo alivyosema, mwana wange. Nilikuwepo."

Mzee akacheka kidogo.

"Na mimi miaka yote nawaambia watoto ni mambo ya hesabu."

Nilidhani tumepona. Kweli kabisa nilirudi mjini nimepona, nikamwambia mke wangu kwamba babu alishalimaliza hili hata kabla hizo mashine hazijagunduliwa.

Kumbe ndiyo kwanza linaanza.

Maneno ya Ma Koku yalimfikia Erasto, akaitisha kikao cha ukoo, palepale kibanjani. Alisema bisisi ni mila za giza, sisi ni watu tuliookoka, ardhi ya ukoo iende kwa damu ya ukoo. Wenzake walitikisa vichwa. Wengine mzee aliwafundisha kusoma.

Ma Koku akainuka atoe ushahidi. Erasto akamwambia kwa adabu zote, "Ma, waitu, tusamehe. Kikao cha ukoo ni cha wanaume. Kwa mila zetu mwanamke hatoi ushahidi hapa."

Soma tena hapo, mkuu. Mila ya babu kumpokea mtoto ni giza. Mila ya kumnyamazisha bibi kizee, hiyo ni nuru.

Mimi nilicheka kwa sauti. Nilicheka peke yangu, na mzee akanishika goti ninyamaze.

Waliamua kwamba mzee anaweza kuendelea kuishi pale "kama mgeni". Ila asizikwe pale, na sisi watoto wake tusirithi.

Mzee aliuliza neno moja tu. "Mgeni?"

Aliingia ndani, akatoka na Biblia, redio na shati jingine la kola. Sasa anaishi kwangu Miembeni, chumba cha watoto.

Najua mtaniambia niende mahakamani. Nilimwambia hivyohivyo. Akaniuliza, "Nikishinda, nani atachimba kaburi? Hao hao?" Huku kwetu hukodishi watu wa kukuzika.

Basi siku moja akasema twende Muleba, akawaone watu wa damu yake. Sikumzuia. Tulishuka stendi, tukauliza, tukaelekezwa, tukafika.

Tulipokelewa vizuri mno. Tulipewa kahawa za kutafuna kama wageni wa heshima, tukapikiwa ndizi. Mzee wa nyumba ile, mtoto wa yule mchuuzi, ana paji la baba yangu. Ana masikio yake. Hata kukohoa kabla ya kusema, wanakohoa sawa. Baba alishindwa kula, alikuwa anamwangalia tu. Nami niliona aibu, kama nimefungua mlango nikakuta mtu anaoga.

Baba akaeleza kilichomleta. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," alisema, na alimwita kaka kweli, "habari zako ninazo tangu utoto. Baba alituachia neno. Alikunywa rubisi ya kwenu, akasema mtoto yule si wangu tena. Nikikupokea leo, nimemfanya marehemu mwongo. Njoo wakati wowote, utakula, utalala. Lakini kaburi hapana."

Akatoa machozi yule mzee. Hakuwa anatania wala hakuwa na tamaa ya ardhi. Anaishika mila, basi.

Ndiyo hali yenyewe. Walioitupa mila wamemfukuza baba yangu kwa sababu ya damu. Walioishika mila wamemkataa kwa sababu ya rubisi. Yuko katikati, na katikati hapana nyumba.

Kwenye basi la kurudi alisema kitu kimoja tu. "Wale ni watu wema."

Sasa niwape ya juzi, ndiyo iliyonifanya niandike.

Mke wangu alipika samaki, tukaketi mezani. Mzee akaitazama sahani.

"Huyu ni samaki gani?"

"Sato, tata," mke wangu akamjibu.

"Na angekuwa kamongo?"

"Tata, siwezi kukupikia kamongo."

"Kwa nini usinipikie?"

Mke wangu akanitazama. Mzee akasema polepole, kama anajisemea, "Kule Muleba nilisahau kuwauliza. Sijui mwiko wao ni upi. Labda ni huyu sato, nimemla maisha yangu yote."

Akaisogeza sahani. Tangu siku hiyo anakula ndizi na maharage tu. Samaki hali, nyama hali, senene nilimletea akakataa. Anasema hataki kukosea.

Nilichojifunza? Kabla hujatema mate kwenye kichupa, jiulize kama ndugu zako wanakupenda au wanasubiri tu sababu. Kipimo kilisema kweli, sikatai. Lakini babu naye alisema kweli, na ya babu ilikuwa na nafasi ya mtu kulala. Hii ya sasa haina.

Sina matumaini, wakuu, niwe mkweli. Mzee anakonda. Kila simu ya nyumbani ikilia mchana dukani, naogopa kupokea, maana sijui nitampeleka wapi. Kuna viwanja vya kuzikia hapa mjini, najua. Lakini mama yuko Rubafu, na ile nafasi kulia kwake Erasto ameshapanda mibuni.

Mwenye ushauri aseme, hata ukali nitaupokea. Ila kama humu kuna mtu wa Muleba, na kwenu kuna habari ya babu mchuuzi wa kahawa aliyewahi kumtoa mtoto kwa rubisi, naomba unijibu. Kaburi hatuombi tena.

Niambie tu mwiko wenu ni upi, nikamwambie baba ale samaki.