Namba ya Injini ya Gari la Mjomba

Ujumbe wa mtu wa Nairobi aliyetaka kununua gari letu ulinikuta dukani kwangu, nikimjazia mama mmoja wa Wiyoni fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Alitaka picha tatu: kibati cha kiwandani kilicho chini ya boneti, namba ya chesisi, na namba ya injini. Alisema kiwanda kilichounda gari za aina ile kiliweka kumbukumbu ya kila moja, na kwamba yeye ana njia ya kuipata karatasi ya gari letu. Nikamjibu "sawa" kwa haraka, nikaendelea na fomu. Baada ya yule mama kuondoka nikausoma tena ujumbe, nikakwama kwenye neno injini.

Gari lenyewe lilikuwa la mjomba wangu. Ujana wake wote alikuwa dereva wa tajiri mmoja Mombasa, na gari alilomwendesha ndilo hilo: la Kijerumani, refu, viti vya ngozi, kitu ambacho watu walikuwa wakisimama kukitazama. Tajiri alipofariki aliacha neno kwamba gari apewe dereva wake. Wanawe wakaleta fundi alikague kwanza. Fundi akawaambia injini iliyomo si ile iliyotoka nayo kiwandani. Basi mbele ya waliokuja kuhani, mkubwa wao akamwambia mjomba: "Chukua bati lako uende. Injini ya baba umeshaila."

Akalichukua. Vichochoro vya Amu, kisiwani kwetu, havipitishi gari, kwa hiyo akaliweka Mokowe, ng'ambo, chini ya banda la mabati kwenye kiwanja cha mtu, akawa anavuka kwenda kulipangusa vumbi. Lile neno la matangani lilifika Amu kabla yake. Mamangu, ambaye ni dadake, alikosana na jirani kwa sababu ya neno hilo na hawakusemezana mpaka mamangu akafa. Nyumbani kwetu injini haikutajwa.

Sasa mwenye kiwanja alitaka kujenga, na gari lilikuwa halina pa kwenda. Mimi ndiye niliyelitangaza mtandaoni, kwa idhini ya mjomba. Namba hazikunipitia akilini hata kidogo.

Jumamosi tukavuka pamoja. Mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Alishika bega langu tangu gatini mpaka bandani, lakini alipolifikia gari aliniacha, akaizunguka bodi yake kwa kiganja kama mtu anayejua kila kona. Boneti akaifungua mwenyewe.

"Wataka namba za nini?" akauliza.

"Mnunuzi ataka kuhakikisha, Mjomba. Kila gari lina karatasi yake huko lilikoundwa. Rangi, viti, kila kitu kimeandikwa."

"Na injini?"

"Na injini."

Nikasugua kibati kwa kitambaa na mafuta ya taa, tarakimu zikajitokeza moja moja. Nikapiga picha. Nikapiga na chesisi. Nilipoinamia upande wa injini akasema, "Hiyo iwate."

Nikasema ndiyo, nimeiacha. Adhana ya adhuhuri ilipolia akaenda msikitini, akiongozwa na jirani wa kile kiwanja. Nilibaki peke yangu na gari. Namba ya injini ilikuwa imefunikwa na grisi ya miaka. Niliisugua huku nikitazama njia kama mwizi, na nilipomaliza nikapaka tena grisi kwa kidole ili isijulikane. Kwenye boti ya kurudi nilikaa mbali naye, nikisingizia jua.

Nilimtumia mnunuzi zile picha mbili, ya injini nikabaki nayo, na karatasi ikaja baada ya siku tisa. Mnunuzi alinitumia picha yake kwenye simu: kadi ya manjano, ya Kijerumani, imejaa tarakimu tatu tatu, kila kundi likisimamia kitu kimoja cha gari. Nikafunga mlango wa duka nusu, nikatafuta orodha za wapenzi wa magari hayo mtandaoni, nikaanza kuzifumbua. Ya kwanza ilikuwa rangi: kijani iliyoiva. Gari letu ni jeupe. Nikashtuka, kisha nikakumbuka mjomba alikuwa akisimulia kwamba tajiri alilipaka rangi nyeupe kwa harusi ya bintiye. Tarakimu nyingine ikawa paa la kufunguka. Nyingine, pazia la dirisha la nyuma. Nyingine, kiti cha mbele kilichotiwa springi ngumu upande wa dereva, na hapo nikacheka peke yangu, maana mjomba alikuwa akisema siku zote kile kiti kiliagizwa kwa ajili ya mgongo wake na sisi watoto hatukumsadiki. Kila nilichofumbua kilimtoa mkweli. Nikaanza kusoma kwa pupa.

Chini kabisa ilikuwa namba ya injini. Nikaiweka kando ya picha yangu. Tarakimu sita za mwisho hazikuwa zile. Nikazisoma kwa sauti, nikazisoma kutoka nyuma, nikaikuza picha mpaka ikapasuka. Si zile.

Siku nne sikupita mlangoni kwa mjomba. Niliwaza kumwambia mnunuzi kwamba namba imelika kwa kutu. Niliwaza kumpa picha ya injini nyingine. Na katikati ya mawazo hayo liliniingia lile nililokuwa nikilikimbia: huenda wale wana wa tajiri walisema kweli, na mamangu amekufa akigombea uongo. Mnunuzi akaandika tena: "Umeilinganisha injini?"

Siku ya tano, baada ya swala ya alasiri, nikaenda. Mjomba alikuwa ameketi barazani kwake, anachambua tende kwa vidole.

"Umepotea," akasema.

"Mjomba, ile namba niliipiga picha ulipokwenda kusali. Nisamehe."

"Nalijua. Mkono wako ulikuwa wanuka grisi."

"Haifanani na ya kiwandani."

Aliendelea kutoa kokwa.

"Haiwezi kufanana," akasema hatimaye. "Tajiri alilitwaa gari siku moya mwenyewe, bila mimi. Alikwenda ndia ya Malindi na mwanamke asiyekuwa wake. Mayi ya rejeta yakaisha, hakujua, akaenda nalo hivyo hivyo mpaka injini ikanoki, ikafa kabisa. Akanipigia simu nimfuate. Nikamkuta yuko kando ya barabara, alia kama mtoto. Akaniambia, nisitiri. Mimi na fundi mmoja, sasa marehemu, tukatia injini ya gari jingine lililopinduka. Nikamsitiri."

"Na walipokutukana mbele ya watu?"

"Alikuwa hana hata siku tatu kaburini. Ningesema nini, mkewe yuko eda?"

"Hata mamangu hukumwambia?"

"Mamako hakuniuliza. Wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza." Akageuza uso wake upande wangu, yale macho ya ukungu. "Waniamini?"

Nikasema naamini. Nilisema upesi mno, nikajua naye amesikia upesi ule. Hakuna karatasi ya kiwanda chochote iliyoandika nani alikaa ndani ya gari siku hiyo. Fundi aliyesaidiana naye amekufa. Nilikuwa na neno la mjomba tu, na kiti chenye springi ngumu.

Jioni ile nilimwandikia mnunuzi kwamba injini si ya asili, ilibadilishwa tajiri akiwa hai. Kuhusu sababu nilisema sina ruhusa. Niliuma kucha mpaka asubuhi jibu likaja: analitaka hivyo hivyo, kwa bei ya chini kidogo, maana mengine yote yanakubaliana na kadi.

Lori lilikuja Alhamisi. Mjomba alivaa kanzu safi, akasimama kando ya banda. Mnunuzi, kijana mpole mwenye daftari, alimuuliza, "Mzee, nani aliibadilisha injini? Nataka kuandika historia yake kamili."

Nikamsogelea mjomba.

"Mimi," mjomba akasema. "Andika dereva ndiye aliyeibadilisha. Si uongo, mikono yangu ndiyo iliyofungua nati."

Kijana akaandika. Nilitaka kumzuia, nikafungua mdomo, na mjomba akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikutarajia anazo bado. Gari likavutwa juu ya lori kwa mnyororo, likafungwa magurudumu. Mjomba akamsisitizia dereva wa lori apunguze mwendo kwenye matuta, akamwambia mara tatu.

Tulirudi Amu na boti ya saa nane. Alitaka kupelekwa nyumbani moja kwa moja, akalala. Mimi nikaenda kufungua duka. Watu walikuwa wameshapanga foleni na fomu zao, na mtu wa kwanza alinisogezea kitambulisho chake nimsomee namba. Nikaisoma vibaya mara mbili.