Ukanda Mwekundu wa Fundi Majoho

Fundi Majoho alikuwa mtu wa dharau, na dharau yake aliigawa kwa ngazi. Madaktari wapya aliwapima mabega kwa heshima zote. Wahandisi aliwaita "mwanangu". Waliosoma biashara aliwavutia kiti na kuwafutia vumbi. Lakini akiingia kijana wa historia, fasihi au falsafa kushonewa joho la mahafali, Fundi alimzungusha kama anayekagua mbuzi mnadani, akatoa pini mdomoni, kisha akamuuliza mbele ya watu, "Na wewe, miaka yote hiyo, wamekufundisha kufanya nini hasa?"

Kijana akianza kujiumauma, wateja wengine hucheka, na Fundi siku yake imenoga. Ndivyo alivyokuwa, na mimi sina sababu ya kumpamba.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na geti la nyuma la chuo kikuu. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyolika pembe, pasi nzito, na ukuta mzima wa picha za wahitimu waliovaa kazi ya mikono yake. Majoho yote yalikuwa meusi. Kilichotaja mtu amesoma nini ni ukanda mpana ulioshuka kutoka mabegani hadi kifuani: kijani kwa madaktari, buluu kwa wahandisi, mwekundu kwa watu wa biashara. Mweupe ulikuwa wa watu wa historia na wenzao, na Fundi aliuita bandeji. Wenye bandeji hakuwatundika ukutani.

Basi, binti yake wa pekee, ambaye alimaliza shule kwa alama za kuchagua anachotaka, akachagua historia.

"Historia?" Fundi alifoka, sahani ya chakula akaisukuma mbali. "Watu wamekufa, wamezikwa, wamesahaulika, wewe nikulipie ada ukawafukue?"

"Mume wangu, mwache mtoto asome anachokipenda," mkewe akasema.

"Anachokipenda akilipie mwenyewe! Mimi nalipia kitu kinachorudisha pesa."

Hata hivyo alilipa. Tumpe haki yake: alilipa kila muhula na hakuchelewa. Ila alilipa kwa masharti yake. Binti hakupewa ada nyumbani kama watoto wa watu. Alitakiwa aje karakana, mchana kweupe, wateja wamejaa, akae kwenye kigoda kando ya mlango, ndipo Fundi aanze hotuba.

"Mnamwona huyu? Huyu ndiye anayenikausha damu. Mimi nakunja mgongo hapa, jasho langu linakwenda kwa marehemu. Akimaliza, sijui ataajiriwa makaburini!"

Watu walicheka, maana kucheka hakulipiwi, na wengine walikuwa wanasubiri kupunguziwa bei. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akapokea pesa kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Baba," akaenda zake. Fundi angependa alie kidogo. Hakulia hata mara moja, na jambo hilo lilimuudhi Fundi kuliko ada yenyewe.

Siku moja, akisubiri hotuba, binti alimwambia kwamba majoho hayo zamani yalikuwa mavazi ya watu wa dini, kwamba wasomi wa kwanza walikuwa makasisi waliosomea kwenye kumbi za mawe zenye baridi kali, na ndiyo maana joho ni zito na mikono yake ni mirefu.

"Ehee," Fundi akasema. "Sasa habari hiyo inapunguza bei ya kitambaa?"

Wiki ile ile alikuwa akiwasimulia wateja, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. "Joho si shuka, mzazi. Joho ni vazi la kasisi. Lazima liwe zito." Akabadili kitambaa, akapandisha bei, na watu wakalipa huku wakitikisa vichwa kwa adabu. Aliyemwambia hakumtaja. Muhula uliofuata akamuuliza yule yule binti, mbele ya watu, historia imewahi kumsaidia nani. Mtu mzima, na ndevu zake. Inatia aibu hata kusimulia.

Miaka ikaisha. Kufikia muhula wa mwisho, Fundi alikuwa keshaanza kuwaambia wateja wapya kwamba binti yake anahitimu biashara. Uongo huo ulianza kama kitu kilichomponyoka, ukamkalia vizuri mdomoni, na sasa alikuwa ametenga nafasi katikati ya ukuta, pa kutundika picha ya binti yake akiwa na joho. Kuitaka picha hiyo aliitaka kweli. Alifuta ukuta, akapigilia msumari, na kila asubuhi aliuangalia.

Joho la binti alilishona kwa moyo wote. Pindo lililala, mabega yalikaa, huoni mshono hata ukilisogeza dirishani. Ilipofika zamu ya ukanda, akanyoosha mkono kwenye kitambaa chekundu.

Mkewe alikuwa amemletea chai. "Si umekosea? Huo si wa biashara?"

"Sijakosea."

"Mtoto wako hakusoma biashara, mume wangu."

"Nani anajua? Ukutani pale picha haisemi."

Siku moja kabla ya mahafali, binti alikuja kulichukua. Alilifunua mezani, akagusa pindo, akatabasamu, halafu akaona ukanda. Tabasamu likakatika.

"Baba, rangi siyo."

"Ndiyo. Vaa hivyo hivyo. Ukumbini humo nani atakuangalia? Nataka picha ya maana, siyo bandeji." Akaona binti bado anautazama ukanda, akaongeza, "Ada nimelipa mimi. Na rangi nachagua mimi."

Binti alilikunja joho taratibu, akalirudisha kwenye mfuko. "Ahsante, Baba," akasema.

Fundi akalala fofofo. Alizoea ile ahsante, na hakuwahi kujiuliza ndani yake mna nini.

Kesho yake alikaa ukumbini na suti mpya, shingo imekakamaa, akimwambia kila jirani, "Mtamwona wangu, mwenye ukanda mwekundu." Wekundu wakaitwa, wakapita hadi wa mwisho, binti hayumo. Fundi akajifariji kwamba kuna makosa kwenye kuita. Wakaja weupe. Na katikati yao, akiwa ameinua uso, akapita binti yake.

Joho alilovaa lilikuwa limepauka, mkono mmoja umezidi mwingine, pindo linaburuta sakafu. Fundi alilitambua kabla binti hajapanda jukwaani. Ilikuwa kazi ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara, fundi aliyekuwa akikodisha majoho, ambaye yeye mwenyewe alimbatiza jina la Kiraka na kumcheka kila siku ya Mungu. Lakini ukanda ulikuwa mweupe, na jina lilipoitwa pamoja na neno historia, binti alitabasamu kwa namna ambayo Fundi hajawahi kuiona pale kwenye kigoda.

Aliyekaa kando yake akamgusa. "Ndiye huyo? Fundi mzima, mwanao unamwacha avae lile?"

Fundi akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia jasho.

Nje aliwakuta binti na mama yake uwanjani, wamekumbatiana, na akaelewa papo hapo aliyelipia kukodi joho la Kiraka ni nani. Akawavamia.

"Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Nani, Baba, mimi?" Binti hakupandisha sauti. "Miaka yote hii umenikalisha kwenye kigoda, mbele ya watu. Ada ulinilipia, na ahsante nilikupa kila mara, hukukosa hata moja. Mimi naona tumemalizana." Akachukua mfuko kwa mama yake, akamkabidhi Fundi. "Picha uliyoitaka ni ya joho hili. Ni zuri, sikatai. Mtafute wa kulivaa."

"Mwanangu, sikiliza kwanza..."

"Twende, Mama. Zamu yetu imefika."

Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera, anafinya jicho moja. Mama akaliweka sawa lile pindo baya, akasimama ubavuni mwa bintiye. Fundi akajongea, mfuko kifuani, akijaribu kukaa upande wa pili.

"Samahani, mzee," mpiga picha akasema, akimpungia mkono. "Hebu sogea kidogo. Tunapiga ya familia."

Fundi akamtazama mkewe, akamtazama binti yake. Wote wawili walikuwa wanaitazama kamera. Akasogea.