Barafu Inashambulia

Kiswahili changu nilikipata kambini Jinja, kwa baba aliyekuwa askari, kwa hiyo ni Kiswahili cha kuamrishana. Hata chumvi mezani naiomba kana kwamba naomba risasi. Kwa sifa hiyo tukufu nikachaguliwa kuwa mkalimani wa mtaalamu wa barafu, mama mmoja mgeni aliyekuja Mbale kuzungumza na waongoza wageni wa Mlima Elgon. Wengine walitoka upande wa Kenya, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Wanakijiji wa mlimani walikuja kwa ajili ya soda.

Mama yangu naye alikuja, akaketi mbele na wenzake. Nyumba yake iko mlimani, chini ya mteremko wenye ufa unaopanuka kila msimu wa mvua. Miaka sita nilimsihi kwa Kigisu, lugha yetu ya nyumbani, kwa adabu zote, ahamie kwangu Kimaka, kule Jinja. Alinijibu kwamba ufa ni wa mlima, na mlima haujaniomba ushauri.

Mtaalamu akaeleza. Kale Elgon ilikuwa na barafu, nayo ndiyo iliyosukuma yale matuta ya mawe kule juu. Kwenye nchi za baridi kuna mito ya barafu inayokaa kimya miaka mingi, kisha maji yanajikusanya chini yake, nayo inateleza kwa kasi ikikumba kila kitu. Ikichoka inayeyukia palepale, na tope lililobanwa kwenye nyufa zake linabaki kama vijituta vinavyokatana. Joto la dunia limeivuruga: mingine inakimbia ovyo, mingine imekonda hata haina nguvu ya kukimbia.

Haya, mkalimani, tafsiri. Neno la mwendo ule wa ghafla sikuwa nalo. Kambini, kitu kikinyamaza kisha kikaja mbio kina jina moja tu.

"Barafu inashambulia!" nikatangaza, kwa sauti ya marehemu baba.

Waongoza wageni wakacheka. Mmoja akauliza, "Afande, sasa hii adui iko wapi?"

"Iko juu mlimani," nikajibu, nikimaanisha matuta. Msomi mimi!

Kina mama hawakucheka. Kiswahili walikijua tangu enzi za wanajeshi, nacho kilikuwa kifupi: simama, lala chini, leta kuku. Neno lile walilisikia vizuri kuliko yote niliyosema. Soda zikaachwa nusu. Kabla jua halijatua mama yangu alikuwa stendi, godoro kichwani, akiniuliza nasubiri nini.

Sasa yuko kwangu. Samaki wa ziwani, wa mwalo wa Masese, hawampendezi, majirani zangu hawajui kusalimu, na mimi nimenenepa bila sababu. Wenzake wanalala kwa wana wao. Mteremko bado umesimama imara, na mimi, mwana mwema, kila mvua ikinyesha natamani uanguke, angalau ushahidi upatikane. Naona aibu kusema hivyo, lakini zaidi naogopa atarudi.

Juzi, akiwa anamenya ndizi, aliniuliza kwa Kigisu kama barafu imeshapita, arudi kwake.

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado inashambulia."

Nilimjibu kwa Kiswahili. Kwa Kigisu siwezi kumdanganya mama yangu.