Wifi na Ufunguo wa Maabara

Wifi yangu anatunza maabara ya shule. Mwalimu mkuu alitaka kuigeuza stoo ya madawati mabovu. "Seli zimechorwa ukutani, zinatosha," alimwambia. "Nakupa siku nane, unipe ufunguo."

Wifi akaja kibandani kwangu sokoni kutaka vitunguu vya kuotesha mizizi. Nilimpa vikavu vinavyong'aa, maana mimi sitoi bidhaa mbovu. Akaviweka juu ya glasi za maji. Siku nne, hakuna hata mzizi.

"Wifi, umenipa matasa!"

"Mteja hataki kitunguu chenye ndevu. Kaokote vile nilivyotupa."

Akaokota vitano. Siku ya nane mizizi ilikuwa mirefu kama kidole. Nilimshikia glasi, naye akakata ncha za mizizi, mahali mmea unapokua, akazilainisha kwa asidi, akazitia rangi, akazibana chini ya kioo.

Mwalimu mkuu akaingia, mkono mbele.

"Tazama kwanza," wifi akamsogezea hadubini. "Hiyo seli ya katikati nimeifumania. Imekua, imenakili urithi wake wote, sasa nyuzi zenye urithi huo zinavutwa, nakala moja huku, nyingine kule. Ilikuwa inakuwa seli mbili."

Mkuu akainama, akakawia.

"Lakini ukutani si ni hivi hivi?"

"Ukuta haujawahi kuota mzizi, mkuu."

"Na ufunguo?"

Wifi akautumbukiza kifuani, akafungua mlango. Wanafunzi walikuwa wamejipanga foleni hadi uani.

"Umeshatazama, mkuu. Wapishe wenzako."