Sangari na Avokado

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipoanza kukoroma kama mzee. Anaishi na mama yangu Giakanja, kwa sababu mimi sikai mahali pamoja: leo nabebea wapanda mlima mizigo Naro Moru, mwezi ujao napakia mchele Mwea. Mama aliponipigia simu kusema mtoto akilala pumzi hukatika, kisha hushtuka na kuivuta upya, nilirudi.

Hospitalini mjini Nyeri, daktari alimmulika kooni, akaniita nione. Mafindofindo yalikuwa yamenenepa pande zote mbili hadi karibu kugusana. Yalipaswa kutolewa, lakini kwa njia ipi, ilibidi niseme mimi.

"Tunaweza kung'oa yote pamoja na ganda lake," alisema. "Hayarudi, lakini misuli inabaki wazi, na mtoto huumwa sana akimeza. Au tunakwangua nyama ya ndani, tunaacha ganda lifunike misuli. Maumivu hupungua, na hatari ya kutoka damu baadaye pia. Ila mara chache hukua tena."

Niliacha shule mapema, lakini kuuliza sikuacha. Niliuliza kuhusu kisu, kuhusu vifaa vya moto vinavyozuia damu, mpaka daktari akavuta kiti akaketi.

Mama, kwenye benchi la nje, alikuwa ameshaamua.

"Wang'oe yote. Nyasi ya sangari ukikata juu, mvua ikinyesha iko hapo tena. Ama umesahau kulima huko unatembeatembea?"

"Mama, koo si shamba."

"Ati si shamba! Kila kitu iko na mizizi."

Maneno yake yalinisumbua, nikarudi ndani kuuliza. Daktari alisema kama koo lingekuwa linaugua kila mara, angekubaliana na mama. Lakini kwa binti yangu shida ilikuwa ukubwa tu. Nikakumbuka jinsi mama anavyolisha watoto avokado: huchota kwa kijiko, wala hakwangui hadi kwenye ganda. Nikatoka nikamwambia mama ni hivyo watakavyofanya.

"Basi wachote polepole," akasema.

Binti yangu alikuwa anasikiliza kila neno. "Na zikikua tena?"

"Tutakuja tena."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Mama alianza kukunja sweta ya mtoto, ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Nitakuwa na wewe," nikasema, nikaenda kutia sahihi.

Baada ya upasuaji mama alikuja na uji ukitoka mvuke. Kwetu mgonjwa hapewi kitu baridi, sembuse mtoto, sembuse na baridi ya Nyeri. Muuguzi alipomwambia uji upoe kabisa, mama alimtazama kana kwamba ameambiwa amlaze mtoto kwenye mvua. Kisha akatoka na kikombe, akasimama kwenye upepo akikipepea kwa ncha ya leso. Aliporudi, mtoto alimeza, akakunja uso, akameza tena.

Sasa hakoromi. Mimi bado natembea, lakini kila mwisho wa mwezi niko Giakanja, namulika koo lake kwa tochi ya simu. Sioni kitu.

"Ni safi," namwambia.

"Hujaangalia ile upande ingine, Baba," anasema, na kufungua mdomo tena.