Lugha ya Mama Mkwe Ng'ambo ya Ruvuma

Mume wangu alipopata kazi ya ufundi wa injini za boti bandarini Pemba, upande wa Msumbiji, tulikuwa tunaishi Chuno, mjini Mtwara, watu wanne: yeye, mimi, binti yetu wa miaka saba na mama mkwe wangu. Mama alikuwa amehamia kwetu kutoka Nanyamba baada ya kufiwa na mumewe. Nyuma ya nyumba alijilimia matuta mawili ya mchicha, na kila asubuhi niliamshwa na sauti ya maji yakimiminwa kutoka kwenye kopo lake lililotobolewa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na niseme ukweli, kazi ile ilikuwa imenipanda kichwani. Mama alizaliwa akakulia ndani ya Kimakonde. Kiswahili alikipata ukubwani. Akisema "ntoto" namrekebisha. Akisema "nchele" namrekebisha, tena mbele ya mjukuu wake.

"Mama, ni mchele."

"Si ndiyo huo huo? Ukishaiva, nani atauliza ulitamkwaje?"

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka.

Habari ya safari ilipokuja, mkataba wa miaka minne, mimi ndiye niliyekuwa mwepesi. Niliacha kazi, nikagawa vyombo. Mama ndiye aliyegoma. Nani ataiangalia mikorosho yake? Shemeji yangu, mwanawe wa mwisho, alikuja kutoka Nanyamba akamwapia kwamba atapalilia, atafagia chini ya miti na atapuliza dawa ya salfa kwa wakati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza tarehe ya kupuliza salfa, akaridhika. Kesho yake alifunga mzigo: kanga, mkeka wa kuswalia na kapu la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kana kwamba huko tuendako watu hawali.

Tulivukia mpakani Kilambo. Miaka ile, kabla ya mapigano ya huko ng'ambo, njia ya Palma bado ilikuwa inapitika bila hofu. Maji ya Ruvuma yalikuwa yamepungua na kivuko hakifanyi kazi, tukavuka kwa mtumbwi. Binti alinishika gauni kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa ameshasimuliwa habari za viboko. Ng'ambo, askari wa uhamiaji alinisemesha Kireno. Nilimjibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza changu cha chuoni, na yeye akawa anatabasamu tu. Mume wangu, aliyekuwa ametangulia na sasa amekuja kutuchukua, ndiye aliyetusemea. Nilijiona mdogo. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Haukuwa uchovu. Pemba ni mji mzuri, na sokoni nilijikongoja, kwa kuwa wauza samaki wanasema Kimwani, ambacho kinakaribiana na Kiswahili chetu. Lakini shuleni ni Kireno, ofisini ni Kireno, hospitalini ni Kireno. Binti yangu alirudishwa darasa la kwanza. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Sasa akirudi shule anakaa mlangoni, anavua viatu polepole, haniambii kitu. Daftari lake nililifungua nikalifunga. Mimi mwalimu, sikuweza kumsaidia hata swali moja.

Mwezi wa kumi ulipofika, ukawa mgumu kuliko yote. Nyumbani ni wakati wa korosho. Nilikuwa nikisimama uani nikiitafuta harufu ya mabibo yaliyoiva kupita kiasi, ile harufu tamu ya kuchachuka inayokuganda nguoni ukitoka shamba. Pemba nako mikorosho ipo, lakini hakukuwa na mti mtaani kwetu. Mama alimpigia shemeji karibu kila siku.

"Umefagia?"

"Nimefagia, mama."

"Weka simu chini nisikie."

Na kweli, shemeji aliiweka simu chini akaendelea na kazi, na mama akakaa kwenye kigoda anasikiliza majani makavu yakikwaruzwa na fagio kule Nanyamba, mpaka salio likaisha.

Kisha binti akaugua. Ilikuwa asubuhi, mume wangu yuko baharini kwenye boti, na mtoto ana homa na koo limevimba hata mate hamezi. Mama na mimi tulimchukua hadi hospitali. Muuguzi alikuwa mpole. Alimtazama koo, akaandika, akaanza kuandaa sindano.

Mwaka mmoja kabla, kule Mtwara, mtoto alichomwa sindano kwa ugonjwa wa koo kama ule, na kabla hatujatoka mlangoni uso wake ukavimba, pumzi zikakata. Alipona kwa kudra ya Mungu. Tuliambiwa asichomwe tena dawa ile. Jina la dawa liliandikwa kwenye cheti, na cheti kilikuwa ndani ya sanduku ambalo sikuwa na akili ya kulifungua asubuhi hiyo.

"Hapana," nilisema. "Usimchome. Alivimba. Alikosa pumzi."

Muuguzi alinipigapiga bega. Alidhani ninaogopa sindano kwa niaba ya mwanangu. Nilijishika shingo, nikavimbisha mashavu, nikaonyesha kwa vidole. Alizidi kunibembeleza. Miaka yangu yote ya kufundisha lugha, na pale nilikuwa bubu.

Mama alikuwa benchi la nje. Alinitazama mara moja kupitia mlangoni, akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akapaza sauti ukumbi mzima kwa Kimakonde. Sikuelewa neno, lakini watu wote waligeuka. Mwisho wa ukumbi, mwanamke mmoja wa usafi, Mmakonde wa Mueda, aliacha ndoo yake akaja mbio. Mama alimweleza, yeye akamweleza muuguzi kwa Kireno. Muuguzi akaiweka sindano chini. Aliuliza maswali, maswali yakapita kwa yule mwanamke yakafika kwa mama, mama akanigeuzia kwa Kiswahili chake, na mimi nikajibu. Mtoto akapewa dawa nyingine, ya kunywa.

Tulirudi kwa miguu, mtoto nimembeba mgongoni. Njiani nilisema, "Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yale ya mchele."

"Nilikuwa naona haya," alisema. "Mjukuu wangu akicheka, nilikuwa naona haya. Basi, yameisha. Mtoto ashuke nimbebe mimi, wewe umechoka."

Tangu siku ile nilimwomba anifundishe Kimakonde. Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Alinirekebisha mbele ya wageni, akanirudisha kwenye neno moja mara kumi, na nikikosea alimwita mjukuu aje asikilize. Yule mwanamke wa Mueda akawa mtu wa kwetu. Siku zake za mapumziko alikuja kutwanga na mama, akamfundisha binti yangu Kireno cha mtaani, kile ambacho watoto wenzake walikuwa wanakitumia kumcheka. Mwaka haukuisha, binti akaanza kubishana na walimu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Mkataba ulipokwisha tulirudi Mtwara. Mama na rafiki yake wa Mueda waliagana wameshikana viganja, wanatazama pembeni kama watu waliogombana. Sasa hivi mama yuko Nanyamba na miti yake. Anatumiwa ujumbe wa sauti kutoka Pemba, anausikiliza mara tatu, anajibu kwa kufoka kana kwamba simu ni kiziwi.

Sikutegemea kwamba nitaikumbuka Pemba. Nilipokuwa kule niliitamani Chuno usiku na mchana, na nimerudi Chuno nakuta nimeacha kitu: ule ua wetu mwembamba, mlio wa kinu, mume wangu akirudi na harufu ya dizeli, sisi wanne tusiojua mtu tukila sahani moja.

Binti naye alirudishwa nyuma tena, safari hii kwa sababu ya Kiswahili cha kuandika. Wiki ya kwanza mwalimu wake aliwapa insha juu ya mahali walipowahi kuishi. Aliniletea niisome jikoni. Nilitarajia hospitali, au mtumbwi. Hakuandika hata kimoja. Aliandika kwamba Pemba mama yake alikuwa anaongea na sufuria. Kwamba siku za mwanzo, kwa kuwa mama yake hakuwa na wa kuzungumza naye, alizisimulia sufuria habari za shule yake ya zamani, akiziosha moja moja, na yeye alijificha nyuma ya mlango akisikiliza kwa sababu zilikuwa hadithi nzuri.

Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa ananisikiliza. Nilitafuta kalamu nyekundu, nikakuta makosa manne ya herufi. Niliyaacha kama yalivyo, nikamwambia aketi, nikamsimulia hadithi moja ambayo sufuria hazikuwahi kuisikia.